Je, wajua kwa nini Mwamba wanafanyia mazoezi kwenye uwanja wa reli?

Kila Shujaa, timu ya taifa ya Kenya ya raga ya wachezaji saba, wakicheza vijana wa hapa Malindi wanaulizana, mbona raga yote iko Nairobi, na hawa Mwamba ambao ni klabu ya raga mbona kwao ni Railway Club, kwani raga na treni wapi na wapi?

Jibu ni ardhi. Uwanja wa raga unakula ardhi jamani, toka mstari wa trai (wa kufungia) hadi mwingine ni kama mita 100, upana hadi 70, bado ile sehemu ya nyuma ya kuwekea mpira, na lazima pawe na nyasi za maana manake mtu anabebwa juu anabwagwa chini, nyasi nazo zataka maji na kufyekwa kila mara. Enzi za mkoloni wenye uwezo huo walikuwa walowezi na watu wa reli. Reli ilianza Mombasa 1896 ikafika Nairobi 1899, mji wenyewe haujawa mji, basi ardhi kubwa ikawa ya reli na klabu ya wafanyakazi wake ikapata nafasi hapo hapo karibu na katikati ya mji.

Walowezi nao wakajipanga kivyao. Klabu ya Nondescripts, au Nondies, ilianza 1923, Harlequin 1952, na hadi leo ukipita Ngong Road utakuta uwanja wa RFUEA (chama cha raga cha Afrika Mashariki), klabu ya Impala, halafu Jamhuri Park kwa Nondies, zote upande mmoja wa mji. Raga ilikuwa ya wazungu, hata 1962 British Lions, timu ya wachezaji bora wa Uingereza na Ireland, walipokuja Nairobi wakaipiga timu ya Afrika Mashariki 50-0 mwananchi wa kawaida hakuwa na habari.

Mwamba ndo walivunja hiyo. Ilianzishwa 1977 na wachezaji Waafrika waliotaka klabu yao wenyewe, hawakurithi uwanja kwa mtu, na makao yao yakawa Railway Club ambapo mtu anashuka matatu mjini anatembea kidogo amefika. Kwangu mimi hilo la kufikika lina uzito kuliko watu wanavodhani. Huko ndo walitokea Collins Injera na kaka yake Humphrey Kayange, walikuwepo kwenye mashindano ya raga ya wachezaji saba ya Singapore 2016 Kenya ilipoipiga Fiji 30-7 kwenye fainali.

Sasa huku kwetu uwanja ni ufuoni maji ya bahari yakitoka. Vijana wanachora mistari kwa kisigino kwenye mchanga uliokaza, wanacheza raga ya kugusana tu bila kuangushana, na maji yakianza kujaa mstari wa pembeni unaliwa kwanza, mechi imeisha. Lamu ndo kabisa, mitaa imebanana hadi punda wawili kupishana ni kazi. Anayetaka raga ya nyasi aende Mombasa Sports Club, nauli ya kwenda na kurudi juu yake, na hapo ndo tunapoteza watoto wenye mbio ambao hawajawahi hata kuona ile milingoti ya goli yenye umbo la H kwa macho yao.