Je, wajua kwa nini Sudan ilikaa miaka 27 kwenye orodha ya Marekani ya nchi zinazofadhili ugaidi?

Kuingizwa kwenye orodha hiyo hakuhitaji kesi wala kura. Sheria inampa Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani mamlaka ya kutamka kwamba serikali fulani imeunga mkono ugaidi wa kimataifa mara kwa mara, basi. Orodha ilianza Desemba 29, 1979 ikiwa na Libya, Iraq, Syria na Yemen Kusini. Sudan ikaongezwa Agosti 12, 1993.

Adhabu zake zinajulikana: misaada hukatwa, silaha haziuzwi, na bidhaa zinazoweza kutumika kiraia na kijeshi huwekewa masharti makali ya leseni. Lakini mbili huuma zaidi. Mwakilishi wa Marekani katika Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) hutakiwa kupinga mikopo kwa nchi hiyo. Tena, tangu 1996, nchi hiyo hupoteza kinga ya kutoshtakiwa katika mahakama za Marekani, hivyo Wamarekani walioathiriwa na ugaidi wanaweza kuidai fidia mahakamani.

Wengi huchanganya orodha na vikwazo vya biashara. Marekani iliiondolea Sudan vikwazo vya biashara Oktoba 2017, ila jina likabaki kwenye orodha, na benki za kigeni zikaendelea kuogopa kupitisha fedha zake.

Kutoka kuna njia mbili. Serikali ikibadilika kabisa, uongozi na sera, Rais wa Marekani anaweza kulithibitishia Bunge la Marekani na jina likafutwa mara moja. Isipobadilika hivyo, analiarifu Bunge siku 45 kabla, akithibitisha kuwa nchi haikuunga mkono ugaidi kwa miezi 6 iliyopita na imeahidi kutofanya hivyo tena.

Sudan ilipita njia ya pili, arifa ikatolewa Oktoba 26, 2020. Kabla ya hapo ilitakiwa itenge dola milioni 335 kwa waathirika, wakiwemo wa mabomu ya Agosti 7, 1998 katika balozi za Marekani Nairobi na Dar es Salaam, yaliyoua watu 224. Fidia hiyo haimo katika masharti ya kisheria ya kufuta jina. Ilitokana na mazungumzo, na ndiyo iliyokuwa ngumu kwa nchi isiyo na fedha za kigeni.

Jina likafutwa Desemba 14, 2020. Machi 2021 Sudan ililipa malimbikizo ya deni lake Benki ya Dunia kwa mkopo wa muda wa dola bilioni 1.15 kutoka Marekani.