Je, wajua kwa nini programu ya zamani inagoma kwenye kompyuta mpya?

Kuna mzee ana duka la spea, stoo yake yote iko kwenye kiprogramu cha miaka ya 90 cha DOS (ule mfumo wa kompyuta wa kuandika amri, wa kabla ya Windows), skrini ya bluu, maandishi meupe, maus haina kazi kabisa. Kompyuta ikafa, kijana wake akanunua mpya, wakakopi folda nzima, wakabonyeza, wapi, inawaambia tu programu hii haifanyi kazi kwenye kompyuta yako. Mzee akajua faili limeharibika. Wala! Faili liko vilevile, kilichoondoka ni kile lilichokuwa limekalia.

Iko hivi, programu za DOS ni za biti 16 (biti ni kipimo cha ukubwa wa data ambayo prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, inaimeza kwa mkupuo), ziliandikwa kwa ajili ya ukoo wa prosesa ya Intel 8086 ya mwaka 1978. Windows za biti 32, kama XP ya wengi wetu, zilikuwa na kitu kinaitwa NTVDM, kazi yake kuidanganya programu kwamba bado iko kwenye DOS, na chenyewe kilitegemea uwezo wa prosesa kujifanya 8086. Sasa prosesa ikishaingia biti 64 ule uwezo haupo tena, ndo maana Windows ya biti 64 haina NTVDM, na Windows 11 toleo la biti 32 halikutoka kabisa. Apple nao 2019 kwenye macOS Catalina wakazitoa nje hata za biti 32.

Kinachonichekeshaga ni zile programu za enzi za Windows 95 ambazo zenyewe ni biti 32, zingeweza kupiga kazi mpaka leo, ila setup yake, ile ya kuziingiza kwenye kompyuta, ni biti 16 😂 yaani bibi harusi yuko fiti, gari la kumleta ndo limekufa.

Dawa ya mzee ilikuwa DOSBox, programu ya bure, ipo tangu 2002. Hii haiiombi prosesa ijifanye kitu, inaiigiza ile ya zamani yenyewe, amri kwa amri. (Kama ni programu ya Windows ya zamani, weka XP ndani ya VirtualBox, programu inayotengeneza kompyuta ya bandia ndani ya kompyuta yako, ila intaneti ikatie, XP haipati viraka vya kawaida vya usalama tangu Aprili 2014.) Tukaandika mount c c:\stoo kuionyesha DOSBox folda ilipo, enta, tukaingia C:, tukaandika jina la programu, skrini ikageuka bluu. Printa ndo ilitutoa jasho, DOSBox ya kawaida ni ya magemu haijui kuprinti, ikabidi tuhamie ndugu yake, DOSBox-X, inayojua. Risiti ya kwanza kutoka ilikuwa ya fani belti, mzee akaikagua jumla kwa kalkuleta.