Je, wajua kwa nini wauza umeme huajiri watabiri wa hali ya hewa?

Karafuu ya Pemba ikishakauka hutiwa guniani ikangoja. Umeme haungoji. Ukiacha kiasi kinachohifadhiwa kwenye betri au kwa kupandisha maji bwawani, unaozalishwa sasa lazima utumike sasa hivi. Kwa hiyo nchi zenye soko la umeme, kama Ujerumani, huununua kabla haujakuwapo: mnada mkuu hufungwa saa 6 mchana kwa saa za huko, na kila kipande cha siku ya kesho hupata bei yake. Mwenye mitambo ya upepo anauza upepo ambao haujavuma.

Mtabiri huamkia kazi hiyo alfajiri. Kituo cha utabiri cha nchi za Ulaya, ECMWF, huanza hesabu mpya mara 4 kwa siku. Kwa saa zetu ni saa 9 na saa 3, usiku na mchana. Utabiri mmoja hupigwa mara 51: mara moja kama ulivyo, na mara 50 mwanzo ukibadilishwa kidogo. Majibu yakikaribiana, kampuni huuza bila hofu. Yakitawanyika, huuza kwa tahadhari.

Halafu utabiri wa upepo hugeuzwa kuwa megawati, yaani kipimo cha nguvu ya umeme, na hapa ndipo penye ugumu. Vipimo vya kawaida huchukuliwa mita 10 kutoka ardhini. Mapanga huzunguka kwenye mita 100 na zaidi. Tena nguvu ya upepo hukua kwa mchemraba wa kasi yake: ukitoka mita 8 kwa sekunde hadi 9, nguvu huongezeka kwa asilimia 42. Ukikaribia mita 25 kwa sekunde, mitambo mingi hujizima isivunjike, na dhoruba iliyotarajiwa kuleta umeme mwingi huleta giza.

Mara nyingi kosa si upepo kutokuja, ni kuchelewa. Ukichelewa kwa muda wa saa tatu, jumla ya siku yaweza kuwa ileile, lakini aliyeuza megawati 100 kwa saa ya magharibi akapata 60 lazima azitafute hizo 40 kwa bei atakayoikuta. Na bei hupanda kweli: Texas, Februari 2021, baridi kali iliongeza matumizi huku ikigandisha mitambo na visima vya gesi, na megawati moja kwa saa ikafikia dola 9,000.

Ila kusema tu "kesho baridi" hakuleti faida. Kila mtu ameshausoma utabiri huo, na bei imeshaubeba. Mtabiri mzuri hueleza soko limekosea wapi, na yeye ana uhakika kiasi gani. Hicho cha pili ndicho kigumu zaidi, na ndicho cha thamani zaidi.

Kwetu Zanzibar hakuna mnada wa namna hiyo. Shirika letu la umeme, ZECO, hununua umeme wa TANESCO, shirika la bara, unaopita chini ya bahari, kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba kwa Unguja na kutoka Tanga kwa Pemba. Hata hivyo hali ya hewa haituachi. Kaskazi ikileta joto, feni na viyoyozi havizimwi. Upande wa uzalishaji, mawingu ya kisiwani Chumbe hayana la kusema: maji ya mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu, huko bara, huletwa na mto Ruaha Mkuu, na mvua yake hunyesha nyanda za juu za Mbeya na Iringa, miezi kadhaa kabla ya kiangazi yanapohitajika.