Mwalimu mtarajiwa wa sekondari: tafuta masomo kwanza, chuo baadaye

Kila matokeo ya kidato cha sita yanapotoka, ofisi yangu hapa Mtwara hugeuka baraza. Mwaka jana alikuja mzee mmoja kutoka Tandahimba na kijana wake, mkononi ana karatasi iliyochapwa stesheneri: vyuo kumi, vimepangwa kwa ukubwa wa jina. Baada ya salamu akasema, "Mwalimu, huyu anataka kufundisha sekondari. Nimpeleke kipi?" Nikaomba kuona matokeo. Karatasi ya vyuo walikuwa nayo, ya matokeo hawakuja nayo. Kijana akayatafuta kwenye simu: HGK, Historia C, Jiografia E, Kiswahili B.

Tungeanzia hapo kwenye simu, na ile karatasi ingesubiri. Mwalimu wa sekondari huajiriwa kwa somo. Ukisoma tangazo la ajira serikalini utaona limeandikwa Mwalimu Daraja la III C kwa mwenye shahada, au III B kwa mwenye stashahada, na mbele yake somo: Fizikia, Kiswahili, Hisabati. Siku hizi kuna usaili pia, na watahiniwa hupangwa kwa somo hilohilo. Kwa kawaida mwanachuo hutoka na masomo mawili ya kufundishia. Hayo mawili ndiyo atakayoishi nayo miaka thelathini na zaidi, kwa hiyo yanastahili mjadala mrefu kuliko swali la Dar es Salaam au Dodoma.

Kijana akasema yeye roho yake iko kwenye Jiografia. Kwa hesabu ya Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, anaweza: masomo mawili yanayohusika na kozi yafikie jumla ya pointi 4, ambapo A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Kiswahili na Jiografia vinampa 5. Nikamuuliza, "Nikikupa ramani yenye mistari ya kontua, unaweza kumwonyesha mtoto wa kidato cha pili bonde liko wapi na mlima uko wapi?" Akacheka, akamtazama baba yake. Mlango wa udahili unaweza kukupokea na somo likakukataa. Tukarudi kwenye Historia na Kiswahili, nikawaambia wazi kwamba wenye masomo hayo ni wengi na foleni ya ajira ni ndefu, wakati walimu wa Hisabati na Fizikia wanatafutwa kila mahali. Mzee hakufurahi. Lakini afadhali aisikie mapema kuliko kuisikia baada ya miaka mitatu ya ada.

Kuna mtego mmoja ambao umewanasa wengi. Si kila shahada yenye neno "elimu" inamfanya mtu mwalimu wa darasani sekondari. Zipo za mipango na uongozi wa elimu, elimu ya watu wazima, elimu ya awali. Ni fani halali na zina kazi zake, lakini nyingine hazina somo la kufundishia la sekondari, au zina moja tu. Nimewahi kukaa na binti aliyemaliza shahada yake vizuri, akagundua siku ya kuomba kazi kwamba kwenye orodha ya masomo hana pa kubonyeza. Kabla ya kulipa hata shilingi ya maombi, uliza: nikimaliza, cheti changu kitaonyesha masomo gani ya kufundishia? Na je, mchanganyiko ninaoutaka upo kwenye ratiba ya chuo hiki? Kuna vyuo Kiswahili kipo na Historia ipo, lakini vipindi vyake vinagongana, hivyo huwezi kuvichukua pamoja.

Kuhusu ngazi sitakaa sana. Stashahada ya ualimu sekondari hukupeleka kidato cha kwanza hadi cha nne, shahada hukufungulia na cha tano na sita. Aliyesoma shahada isiyo ya ualimu, mathalani ya Hisabati tupu, anaweza kuongeza stashahada ya uzamili katika elimu. Mwenye stashahada pia anaweza kujiendeleza akiwa kazini. Chuo Kikuu Huria kina vituo vyake mikoani, na wengi niliowafundisha wamepitia huko huku wakishika chaki Newala na Liwale.

Vyuo vya huku kwetu vinadharauliwa bila sababu. Tuna Mtwara Kawaida, Mtwara Ufundi, Kitangali kule Newala, Nachingwea upande wa Lindi, na kwa shahada kuna Stella Maris, chuo kishiriki cha SAUT (Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino), hapahapa Mtwara. Si kila kimoja kinaandaa walimu wa sekondari kwa kila somo na kila mwaka, ndiyo maana tangazo la mwaka husika lazima lisomwe. Mtaala mpya ulioanza Januari 2024 umeleta mkondo wa amali, yaani wa ufundi na stadi za kazi, sekondari, na kijana mwenye mikono ya ufundi asiuruke ukurasa huo. Ukitoka nje ya mkoa, DUCE pale Chang'ombe na Mkwawa pale Iringa ni vyuo vishiriki vya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, vyote vilianza 2005 kwa kazi hiyo hasa ya kuandaa walimu.

Sasa chuo kizuri utakijuaje? Mimi hutazama mazoezi ya kufundisha, yale ambayo wanachuo huyaita TP. Naomba niseme nililoliona. Nilikwenda kumkagua mwanachuo wa Kemia katika shule moja ya kata. Shule haina fundi wa maabara, kwa hiyo mwalimu huandaa mwenyewe kemikali za vitendo. Nikamkuta ameshika chupa ya asidi ya salfuriki kali kwa mkono wa kushoto, bika ya maji kwa wa kulia, na anataka kuyamimina maji ndani ya asidi. Nikamshika mkono. Asidi ndiyo inayomiminwa kwenye maji, taratibu, huku ukikoroga. Ukigeuza, joto linalotokea hapo linaweza kuichemsha na kuirusha usoni, na nyuma yake wanafunzi walikuwa wamejipanga kutazama. Baadaye, tukiwa chini ya mkorosho, nikamuuliza chuoni kwao waliandaa mara ngapi. Akasema waliandaliwa na mtaalamu, wao walikuta kila kitu kiko mezani. Alikuwa na alama nzuri kabisa za Kemia.

Kwa hiyo ukienda kutembelea chuo, usiishie ofisi ya udahili. Mtafute mwanachuo wa mwaka wa pili pale kantini, mnunulie chai, muulize: TP ulipelekwa mara ngapi, na mkufunzi alikaa darasani kwako kipindi kizima au alisaini kitabu akaondoka? Andalio la somo lako lilirudishwa na maandishi mekundu? Kabla ya TP mlifundishana wenyewe mbele ya mkufunzi? Wa sayansi muulize ameshika bureti, ile neli ya kioo ya kupimia kimiminika maabara, kwa mkono wake mara ngapi. Wa sanaa muulize kama anafundisha Historia kwa Kiingereza bila kusoma daftari, maana hiyo ndiyo lugha atakayotakiwa kuitumia darasani. Majibu ya nusu saa hiyo hayamo kwenye kipeperushi chochote.

Upande wa fedha, wengi huku tunasomesha kwa korosho. Minada huanza Oktoba na vyuo vikuu hufunguliwa karibu na wakati huo, kwa hiyo muhula wa kwanza hauumi. Unaouma ni wa pili, unaoangukia masika, wakati korosho imeshakwisha na ufuta bado uko shambani hadi minada ya katikati ya mwaka. Weka kando fedha ya muhula wa pili siku ileile malipo ya AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, yanapoingia. Kijana naye aombe mkopo wa Bodi ya Mikopo dirisha likifunguliwa, ila usipange maisha kwa mkopo ambao bado hajapewa. Na hesabu ya chuo cha mbali isiishie kwenye ada. Chumba cha kupanga Dar es Salaam na nauli ya likizo vinaweza kuzidi tofauti yote ya ada mliyokuwa mkiitazama.

Mzee wa Tandahimba aliondoka na vyuo vitatu kati ya vile kumi. Nilimkumbusha kwamba siku hizi maombi ya shahada hupelekwa moja kwa moja kwenye kila chuo, na vile vya ualimu vya serikali kupitia mfumo wa Wizara ya Elimu. Aliyechaguliwa na vyuo vikuu zaidi ya kimoja hutumiwa namba ya siri ya kuthibitisha kimoja ndani ya muda uliowekwa. Nikamuuliza kijana maombi ya mwanzo alijaza namba ya simu ya nani. Ya yule kaka wa stesheneri, akasema. Tukaketi hapohapo kuibadilisha.