Mwenza wa kuwinda elki hatafutwi Agosti, wala si lazima awe bingwa

"Mwalimu, nitafutie mtu mzoefu anipeleke."

Nafundisha kozi ya usalama wa uwindaji na kulenga kwa upinde hapa Colorado, Marekani, na ombi hilo la kupelekwa kuwinda elki, mnyama mkubwa wa jamii ya kulungu, nimelisikia mno. Wanaonijia nalo, wengi wao ndugu zetu wa Afrika Mashariki wanaoishi Denver na Aurora, ni watu makini. Wamemaliza kozi, upinde wanao, wanalenga vizuri kwa mita 30. Kisha wanakaa kumsubiri mzee fulani mwenye ndevu na bonde lake la siri, aje awashike mkono. Msimu wa upinde unafunguliwa Septemba 2, unafungwa Septemba 30, na wao bado wako mjini.

Najua fikra hii ilikotoka. Tanzania, mgeni wa uwindaji wa kitalii hutoka na mwindaji bingwa. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, kwa hiyo aliyekulia huko hajawahi kumwona raia wa kawaida akiwinda kihalali. Mtu akifika Marekani anadhani na hapa mlango ni huohuo. Sivyo. Ukiwa na leseni, msitu wa taifa ni ardhi ya umma, na huhitaji mtu wa kukuingiza. Wyoming, jimbo jirani, ina kizuizi kimoja: asiye mkazi haruhusiwi kuwinda wanyama wakubwa ndani ya maeneo ya nyika yaliyotengwa na serikali ya shirikisho, isipokuwa aambatane na mwongozaji mwenye leseni au mkazi aliyechukua kibali cha bure cha kumsindikiza.

Dhana: mwenza mzuri ni yule anayejua zaidi yako

Hili ndilo linalowapotezea watu misimu. Fikiria unachomwomba huyo mzoefu. Bonde lake amelisoma kwa miaka. Likizo yake ni siku chache za Septemba. Wewe hajawahi kukuona ukipanda mlima. Unataka akugawie vyote viwili, bonde na likizo, nawe huna cha kumpa. Wengine huniambia, "Basi nitamlipa kidogo." Usithubutu. Anayepokea malipo ya kuongoza wawindaji Colorado anatakiwa awe chini ya kampuni iliyosajiliwa na jimbo, na kwenye msitu wa taifa biashara hiyo inahitaji kibali cha Idara ya Misitu. Kuchangiana mafuta na chakula ni jambo jingine kabisa.

Kubwa zaidi ni namna kazi yenyewe inavyokwenda porini. Dume la elki linaloitikia filimbi ya mwindaji anayeigiza mlio wa elki mara nyingi husimama mbali, likitafuta kwa macho yule anayeliita. Lisipomwona, huzunguka liingie upande ambao upepo utaliletea harufu yake. Ndiyo maana mwitaji hukaa nyuma, mita 40 hadi 60 hivi, na mpiga mshale hukaa mbele, akiegemea upande ule ambao dume litazungukia. Dume likisimama kumtazama mwitaji, tayari liko mbele ya upinde wa mwenzake.

Sasa angalia: anayeita hapigi. Uwindaji wa watu wawili ni wa zamu, na zamu huenda vizuri kati ya watu walio sawa. Ukiwa na bingwa, ama atakuitia wewe siku zote na kuondoka bila kitu, ama atapiga yeye na wewe ugeuke mbeba filimbi. Wanafunzi wawili wanaokosea pamoja hujifunza haraka kuliko mmoja anayeburutwa na mjuzi. Mambo ya msingi hayafichwi na mtu: kabla ya jua kupanda, hewa ya mlimani huteremka bondeni, jua likishapasha mteremko, hewa hupanda. Wawili wenye chupa ndogo ya unga wa kupima upepo watalielewa hilo siku ya kwanza.

Mtafute mwenye likizo siku zilezile, bajeti ileile, na miguu inayoendana na yako. Mwulize kama atakubali kupiga jike au anangoja dume lenye pembe kubwa. Mwulize mvua ikinyesha siku ya tatu atafanya nini. Halafu mpeleke mlimani Julai, mlale kwenye hema usiku mbili karibu na mita 3,000, kila mmoja na kilo 25 mgongoni. Atakayenung'unika Julai atakuomba mrudi nyumbani Septemba.

Nasisitiza jambo moja ambalo wanafunzi wangu wamechoka kulisikia: andikeni. Karatasi moja inatosha. Nani anaanza kupiga, zamu inabadilika lini, nyama mnagawana vipi, na mmoja akipata mapema, anabaki kumwitia mwenzake au anaondoka. Ushauri wangu ni nyama nusu kwa nusu, hata kama mshale ni wa mmoja. Nimeona urafiki wa miaka ukivunjika juu ya paja la nyuma.

Dhana: Agosti bado kuna muda

Hakuna. Tangu 2025, asiye mkazi wa Colorado hawezi tena kununua tu leseni ya elki ya upinde katika maeneo yote ya magharibi mwa barabara kuu ya I-25. Lazima aingie droo, na maombi hufungwa mapema Aprili. Mkazi bado ananunua bila droo katika maeneo mengi. Kwa hiyo wewe wa Aurora na binamu yako wa Minnesota hamko kwenye foleni moja, na msipopanga mapema mmoja atakuwa na leseni na mwingine atakuwa mpishi wa kambi.

Mkiomba kama kundi, Colorado huwahesabu wote kwa pointi (alama ambazo mwombaji hujikusanyia mwaka hadi mwaka akikosa leseni kwenye droo) za yule mwenye chache zaidi. Wyoming huchukua wastani. Mwenye pointi nyingi akijiunga na wewe usiye na hata moja, anazitupa. Hiyo nayo ni sababu ya yule mzoefu kukukwepa. Tafuta mwenza Januari.

Dhana: tukiwa wengi ni bora

Wanne kwenye kambi, sawa. Wawili kwenye mteremko, basi. Watu sita ni harufu sita.

Dhana: peke yangu nitaweza, mimi nina nguvu

Dume kubwa hupita kilo 300. Ukishatoa mifupa, nyama hukaribia kilo 100. Kwa mizigo ya kilo 30 na kitu, hiyo ni safari tatu. Gari likiwa kilomita 5, mtu mmoja anatembea kilomita 25 huku jua la Septemba likiiharibu nyama aliyoiacha. Na sheria ya Colorado haikuruhusu kuacha mapaja, mikono wala minofu ya mgongoni ioze.

Hapa ndipo pia unapopatikana mlango wa kuingilia. Hudhuria mashindano ya kulenga sanamu za wanyama wakati wa kiangazi, nenda kwenye shughuli za kujitolea za matawi ya Rocky Mountain Elk Foundation, shirika la kuhifadhi elki, na waambie watu: "Ukiangusha mnyama, nipigie, nitakuja kubeba." Halafu nenda kweli, hata kama simu imelia usiku. Mtu aliyebeba paja la mwingine kushuka mlima gizani hakosi mwenza msimu unaofuata.

Dhana: nikikosa, mwenzangu atanipigia kwa leseni yangu

Ni kosa la jinai. Aliyeua ndiye anayesaini lebo ya mzoga inayokuja na leseni yake, papo hapo, na windo lake limekwisha. Akibaki, anabaki kuita na kubeba.

Dhana: kifaa cha setilaiti cha kuomba msaada kinatosha badala ya mtu

Kibebe, tafadhali. Lakini waokoaji wa milimani Colorado wengi ni watu wa kujitolea, na kukufikia huchukua saa nyingi. Chembe cha mshale kina makali ya wembe, na kisu cha kuchunia nyama gizani kinateleza. Mshipa mkubwa ukikatwa, una dakika. Kila mmoja abebe mkanda wa kubana damu kwenye mfuko wa nje wa begi, upande uleule kwa wote wawili, na mfanye mazoezi ya kuufunga kwa mkono mmoja kabla hamjaondoka mjini.