Kosa la faili kutopatikana skripti inapofungua kivinjari

Faili kutopatikana ni kosa ambalo mfumo endeshi huirudishia programu iliyoomba faili lisilokuwepo mahali palipotajwa. Katika Linux kosa hilo lina namba 2, nayo lugha ya programu ya Python, tangu toleo la 3.3 la mwaka 2012, hulitoa kwa jina la FileNotFoundError.

Skripti inayofungua kivinjari inategemea vitu viwili vinavyoweza kukosekana, yaani programu ya kivinjari yenyewe na ukurasa utakaoonyeshwa, na hapo ndipo wengi huchanganyikiwa. Aliyeandika subprocess.run(["firefox", "ripoti.html"]), yaani amri ya Python ya kuendesha programu nyingine, akapata kosa hili huanza kuisaka ripoti, ilhali kisichoonekana ni Firefox: ama haijasakinishwa, ama folda yake haimo katika PATH, ambayo ni orodha ya folda ambamo programu hutafutwa. Kwenye Windows jambo hili hutokea hata pale Firefox inapotumika kila siku, kwa kuwa kuisakinisha hakuiongezi folda yake kwenye orodha hiyo. Linux angalau hutaja jina la kilichokosekana. Windows husema tu kwamba faili halikupatikana, bila kusema ni lipi.

Ukurasa ukikosekana, skripti haioni kosa lolote. Kivinjari hufunguka kama kawaida na ujumbe wa kosa hujitokeza ndani ya dirisha, mbele ya mtumiaji, kwa hiyo except, sehemu ya skripti inayokamata makosa, haina cha kukamata. Dawa yake ni kuhakiki mapema kwa Path("ripoti.html").resolve().exists(), huku ukikumbuka kwamba jina tupu la faili hutafutwa katika folda ambamo skripti imeendeshwa, ambayo si lazima iwe ile ilimohifadhiwa.

Kwa upande wa kivinjari, shutil.which("firefox") hurudisha njia kamili ya programu, au None isipoipata. Kama hujali ni kivinjari gani kitakachofunguka, moduli ya webbrowser ni nyepesi zaidi, ila webbrowser.open() ikikosa kivinjari hurudisha False badala ya kutoa FileNotFoundError, hivyo jibu lake sharti likaguliwe. Binafsi naona except inayofuatwa na pass tupu, yaani amri ya kutofanya lolote, ni mbaya kuliko kutokamata kosa kabisa, kwani skripti humalizika kimya, hakuna dirisha lililofunguka, na mtumiaji hana hata mstari mmoja wa kumwelekeza pa kuanzia.