Kiangazi na baridi ya usiku: jinsi mimea na wanyama wa Afrika Mashariki walivyojengeka

Wataalamu huigawa nchi kavu ya dunia katika bayomu, yaani maeneo makubwa ambayo hali ya hewa na uoto wake vinafanana: jangwa, msitu wa mvua, mbuga za nyasi, misitu ya nchi za baridi, tundra (nyanda za baridi kali zisizo na miti, kama zile za kaskazini ya mbali). Mgawanyo huo hutegemea zaidi mvua na joto. Lakini wastani wa mwaka peke yake hupotosha. Sehemu nyingi za tundra hupata chini ya milimita 250 za mvua na theluji kwa mwaka, sawa na jangwa, na bado ardhi yake hulowa chepechepe majira ya joto kwa sababu chini kuna udongo ulioganda usiopitisha maji. Ukitaka kuelewa kwa nini mmea au mnyama ana umbo alilo nalo, uliza kwanza ni kipindi gani cha mwaka, au saa gani ya siku, kinachoweza kumuua.

Serengeti inafaa kwa somo hili. Kusini mashariki, ambako nyanda za juu za Ngorongoro huzuia mvua, hunyesha takriban milimita 500 kwa mwaka; kaskazini magharibi, kuelekea Ziwa Viktoria, mvua hupita 1,000. Uwanda wa kusini hauna miti, na wengi hudhani ilikatwa. Haikukatwa. Udongo wake umetokana na majivu ya volkano, na chini kidogo chokaa imeshikana ikawa tabaka gumu kama sakafu. Mizizi ya mti haina pa kupita, ila ya nyasi inatosheka na udongo mwembamba ulio juu. Kupanda miti mahali kama hapa ni kuharibu mbuga iliyo hai, hata kama nia ni njema.

Nyasi zina siri yao. Jani la nyasi hukua kutokea chini, karibu na udongo, wakati chipukizi la mti hukulia kwenye ncha. Nyumbu akikata jani, au moto ukilipitia, sehemu ya kukulia hubaki salama na mvua ya kwanza inatosha kulirudisha. Mche wa mgunga ukiungua hulazimika kuchipua upya kutoka mzizini, mwaka baada ya mwaka, mpaka upate miaka michache bila moto na kilele chake kipite urefu wa miali. Wakati wa moto nao una uzito. Unaowaka mwanzoni mwa kiangazi, nyasi zikiwa bado na unyevu, huenda kwa viraka na huwa dhaifu. Wa mwishoni, nyasi zikiwa zimekauka kabisa, huwa mkali na huangamiza miche mingi zaidi.

Walaji wa nyasi hizo hawagombei mlo mmoja. Pundamilia hacheui, chakula hupita haraka tumboni mwake, kwa hiyo anaweza kuishi kwa mabua makavu mradi ale kwa wingi. Nyumbu anacheua na anahitaji majani laini zaidi. Swala tomi huchagua machipukizi mafupi. Nyumbu wa Serengeti, wanaokadiriwa kuwa milioni 1.3, hushuka uwanda wa kusini wakati wa mvua kwa sababu nyasi za huko zina fosforasi na kalsiamu nyingi, madini ambayo mama anayenyonyesha hawezi kuyakosa. Ndama wengi huzaliwa ndani ya wiki kama tatu hivi, aghalabu Februari, na husimama dakika chache baada ya kuzaliwa. Fisi na simba hawawezi kula wote kwa mara moja. Ndama anayezaliwa nje ya kipindi hicho hana wingi wa kumficha. Maji ya uwanda yakikauka, kundi lote huondoka.

Choroa, swala mkubwa wa nyika kavu, hahami hivyo. Mnyama anayetoa jasho jingi ili kupoza mwili hupoteza maji asiyoweza kuyapata tena, kwa hiyo choroa aliyepungukiwa maji huacha mwili wake upate joto. Katika vipimo vya maabara joto hilo limefika nyuzi 45, kiwango ambacho kingemuua mtu. Damu inayokwenda kwenye ubongo wake hupitia mtandao wa mishipa midogo, ikapozwa na damu inayorudi kutoka puani. Usiku joto lililohifadhiwa mwilini hutoka lenyewe hewani, bila jasho. Naye hupenda kula usiku, wakati majani makavu yamevuta unyevu wa hewa.

Juu ya Kilimanjaro hatari haingoji msimu. Mchana jua huchoma, usiku maji huganda, karibu kila siku ya mwaka. Senesio kubwa, Dendrosenecio kilimanjari, hufunga majani yake usiku kuzunguka chipukizi la katikati, na majani yaliyokufa hayadondoki bali hubaki yamelizunguka shina kama koti. Ndani ya shina kuna kiini chenye maji. Asubuhi, udongo ukiwa bado na barafu na jua limeshaanza kukausha majani, maji hayo ndiyo hutumika. Ukiyabandua majani makavu kwa ajili ya kuwashia moto kambini, umeuvua mmea koti na kiini chake kinaweza kuganda.

Mazoea mengine ni ushirikiano, na hapo ndipo uharibifu huwa rahisi zaidi. Laikipia nchini Kenya, kwenye udongo mweusi unaovimba wakati wa mvua na kupasuka kiangazi, mti unaotawala ni mgunga wenye vinundu, Vachellia drepanolobium. Hutoa vinundu vyenye uwazi ndani, ambamo sisimizi hukaa, na utamu kwenye majani wa kuwalisha. Tembo akiugusa, sisimizi humwingia ndani ya mkonga na kumng'ata. Mwaka 1995 yalizungushiwa uzio maeneo ambayo tembo na twiga hawakuweza kuingia. Baada ya miaka kumi miti ya ndani haikustawi kama ilivyotarajiwa. Kwa kuwa hakuna aliyeila, ilipunguza vinundu na utamu. Sisimizi walinzi wakapungua, wakaingia wengine wanaofaidika na mashimo ya wadudu wanaotoboa shina, na miti ikakua polepole zaidi na kufa kwa wingi zaidi.

Kisha ukaja uvamizi wa sisimizi wenye vichwa vikubwa, Pheidole megacephala. Huwaua sisimizi walinzi na hawaulindi mti, kwa hiyo tembo huuvunja bila kipingamizi. Miti ikipungua, simba hana pa kujificha na pundamilia humwona mapema. Katika eneo lililochunguzwa, pundamilia walikuwa asilimia 67 ya mawindo ya simba mwaka 2003 na asilimia 42 mwaka 2020. Nyati, ambao mwanzoni hawakuwamo kabisa, nao walifika asilimia 42. Kumwinda nyati ni kazi ngumu na ya hatari zaidi kwa simba.

Sisimizi hawa husafirishwa na watu, ndani ya udongo wa miche na mizigo. Kabla ya kuingiza miche kwenye shamba au kambi iliyo karibu na migunga, tikisa udongo wa kila kifuko juu ya karatasi nyeupe. Tafuta sisimizi wadogo wa kahawia wa saizi mbili, vibarua wa milimita 2 hivi na askari wachache wakubwa kidogo wenye kichwa kisicholingana na mwili. Ukiwaona, usiupeleke mche wowote wa shehena hiyo, na usiumwage udongo wake hapo. Miche iliyooteshwa kwa udongo wa hapohapo haileti hatari hii, mradi kitalu chenyewe hakijavamiwa.